Nani Huwaambia? Mwongozo wa Kuwatazama Sisimizi wa Nyumbani, Mombasa

Idi moja mamangu alifunika sahani ya halwa kwa kawa, akaiweka juu ya meza ya ukumbini, na miguu minne ya meza akaitia kwenye mikebe ya maji yenye tone la mafuta ya taa. Ulinzi huo si mgeni Mombasa. Wazee wetu wamelinda makabati yao hivyohivyo. Alfajiri alipofunua kawa, halwa ilikuwa inatembea. Akashika kiuno: "Hivi hawa, nani huwaambia?"

Nilikuwa nimeshika ufagio, na kwa mara ya kwanza sikuutumia. Niliufuata mstari kwa macho. Ulitoka kwenye sahani hadi ukingo wa meza, ukapanda pindo la pazia ambalo upepo wa usiku ulikuwa umelitupa juu ya meza, ukaenda hadi kwenye fimbo ya pazia, kisha ukazama kwenye ufa wa chokaa juu ya dirisha. Mikebe yote minne ilikuwa na maji yake, safi, bila hata chungu mmoja aliyezama. Swali la mamangu likanikaa. Haya yanayofuata ni namna ya kulitafutia jibu kwa macho yako mwenyewe, kwa vitu ambavyo vingi tayari viko jikoni.

Hatua ya 1: Omba ukuta mmoja

Huwezi kutazama sisimizi nyumba ambayo kila jioni inapulizwa dawa. Zungumza na wenye nyumba, uombe ukuta mmoja au kona moja kwa wiki mbili: pasipulizwe dawa, pasifutwe kwa sabuni, pasifagiliwe bila wewe kujua. Kwetu ilikuwa kona ya karo, pale pa kuoshea vyombo. Mamangu alikubali kwa shingo upande, baada ya kujikumbusha mwenyewe kisa cha Nabii Sulaiman na chungu. Kama nyumbani kuna mtoto mchanga au mtu mwenye kidonda, chagua kona iliyo mbali nao. Sisimizi hupita chooni na kwenye taka kabla ya kupita kwenye chupa ya maziwa.

Hatua ya 2: Mjue unayemtazama

Anza kwa kumtenga mchwa. Mchwa si chungu, ingawa wote wawili hujaa ukutani. Sisimizi ana kiuno chembamba kama kilichobanwa na uzi, na papasi zake, zile mbili za kupapasia kichwani, zimekunjwa mithili ya kiwiko. Mchwa hana kiuno hicho, na papasi zake zimenyooka kama shanga zilizotungwa. Kumbikumbi wanaoizonga taa mvua ikinyesha ni mchwa wenye mbawa. Sisimizi nao wana wenye mbawa, malkia wapya na madume, lakini mbawa zao za mbele ni ndefu kuliko za nyuma, ilhali za kumbikumbi zinalingana.

Kwa majina ya kienyeji sitakubana. Mmoja atamwita chungu, mwingine sisimizi, mwingine nyenyere. Kwa kazi hii tazama umbo na mwendo.

Wa kwanza ni mdogo wa rangi ya asali, karibu milimita 2, mpenda nyaya, soketi na nyuma ya friji. Huyu wanasayansi humwita Monomorium pharaonis, chungu wa Firauni. Hula sukari, lakini mafuta na nyama huvipenda vilevile. Wa pili ni mdogo zaidi, kichwa cheusi na tumbo la rangi ya maziwa, hivyo kwamba juu ya kigae cheupe unaona vichwa tu vikikimbia. Ni Tapinoma melanocephalum. Ukimsugua kati ya vidole ananuka nazi iliyovunda, na kwa mtu wa Pwani hakuna alama ya kumtambulisha iliyo rahisi kuliko hiyo. Wa tatu ni mweusi, miguu na papasi ndefu kupita kiasi, anakimbia huku na huku kama mtu aliyepoteza ufunguo: Paratrechina longicornis.

Wa nne hukaa uani na kwenye nyufa za sakafu, na hutoa mchanga akaurundika. Ukiona katika kundi moja wadogo wengi na wachache wenye vichwa vikubwa visivyolingana na miili, hao ni Pheidole megacephala. Usiku sana, ukiwasha taa jikoni, unaweza kumkuta mkubwa wa rangi ya kahawia hafifu, mwenye madoa ubavuni mwa tumbo, akitembea peke yake. Huyo ni Camponotus maculatus.

Maji moto, wale wekundu wanaoshona majani ya mwembe, si wa nyumbani, ila tawi likigusa paa wataingia. Watazame kwa mbali. Jina lao limetokana na namna wanavyouma. Na siafu wakiingia ndani, funga daftari, toa watoto na kuku, ukae nje hadi wapite. Wenyewe huondoka, na mende hutawaona tena kwa muda.

Hatua ya 3: Vifaa

Daftari na kalamu. Simu yenye kamera. Rula ya sentimita 30, chaki, karatasi nyeupe, vifuniko vya chupa za soda, pamba, sukari, kipande cha dagaa, na rangi ya biriani. Tochi uifunike kwa karatasi nyekundu ya peremende ikiwa utatazama usiku, kwa sababu sisimizi hawauoni vizuri mwanga mwekundu. Kioo cha kukuzia kikipatikana ni sawa. Kisipopatikana, kamera ya simu ikivutwa karibu inatosha.

Zima feni. Pia usiwapumulie. Pumzi ya mtu inayowajia ghafla huwatawanya kama kwamba nyumba imeshika moto, kisha utaandika daftarini tabia ambayo umeisababisha wewe.

Hatua ya 4: Fuata mwenye mzigo

Wengi hukosea hapa. Wakiona mstari huwafuata wale wanaotoka, ambao huweza kukupeleka popote. Mfuate anayerudi. Aliyebeba chembe anajulikana. Aliyekunywa kitu kitamu hutambulika kwa tumbo lililotuna. Weka alama ya chaki kila nusu mita pembeni mwa njia, si juu yake, hadi wapotelee. Andika ni wapi: ufa, nyuma ya soketi, chini ya kizingiti. Katika nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, nyufa hazihesabiki, kwa hiyo jipe siku mbili kwa kazi hii peke yake. Saa nzuri ni baada ya Alfajiri na baada ya Magharibi. Mchana wa kaskazi ukuta uliopigwa na jua mara nyingi huwa mtupu, na ukiwa mtupu nalo liandike.

Hatua ya 5: Karamu ya vifuniko

Weka vifuniko vitatu karibu na njia, kila kimoja umbali sawa na mwenzake: kimoja pamba iliyolowa maji ya sukari, kimoja kipande cha dagaa, kimoja pamba yenye maji matupu. Hesabu walio kwenye kila kifuniko kila baada ya dakika 5 kwa saa nzima. Pamba ni muhimu, bila hiyo watazama na utakuwa umehesabu maiti.

Siku moja watajazana kwenye sukari, siku nyingine dagaa atazungukwa na sukari ibaki. Si ukigeugeu. Chungu aliyekomaa hamezi kitu kigumu, hunywa tu. Sukari ndiyo nguvu ya vibarua wanaotembea. Nyama na samaki huhitajika kwa mabuu yanayokua na kwa malkia anayetaga. Kwa hiyo dagaa akipendwa wiki nzima, yaelekea ndani ya ufa ule kuna watoto wengi. Unaisoma hali ya chumba ambacho huwezi kuingia.

Sasa rangi ya biriani. Kwangu hili ndilo jaribio tamu kuliko yote, na linawafaa hasa wale wenye tumbo la maziwa. Koroga chembe ya rangi kwenye maji ya sukari, lowesha pamba, weka njiani, usubiri. Ngozi ya tumbo lao inaangaza, hivyo anayekunywa rangi ya chungwa tumbo lake hugeuka la chungwa mbele ya macho yako. Mwachie arudi. Ukitulia karibu na ufa utamwona akisimama uso kwa uso na mwenzake, papasi zikigusana, kisha tone likipita kinywa kwa kinywa. Baada ya muda utawaona wenye tumbo la chungwa ambao hawakufika kwenye pamba kabisa.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, weka rangi ya kijani ya keki chumbani na ya biriani jikoni. Ikiwa matumbo ya rangi zote mbili yanaingia ufa mmoja bila ugomvi, basi unaishi na kundi moja lenye milango miwili, wala si majirani wawili. Nyumbani kwetu nilikuwa nimeapa kwamba wa chumbani ni wengine. Walikuwa walewale.

Hatua ya 6: Futa njia, kisha igeuze

Hapa ndipo swali la mamangu linapojibika.

Subiri mstari uwe umekolea. Chovya kidole kwenye siki, kisha pitisha mara moja kukata njia, upana wa kidole tu. Tazama pande zote mbili. Watafika kwenye ukingo usioonekana, watasimama, watapapasa, wengine watarudi. Anza kuhesabu muda hapo. Mmoja atavuka kwa kubahatisha, kisha mwingine, na baada ya dakika kadhaa mstari umeungana tena, mara nyingi umepinda kidogo pale palipofutwa. Ulichofuta ni feromoni, harufu ambayo kila aliyeshiba huipaka chini anaporudi. Hakuna aliyeamrishwa. Aliyepata halwa alirudi akichora, wengine wakakanyaga mchoro, nao waliopata wakauongezea. Halwa ikiisha hakuna anayechora, na mchoro unafifia wenyewe.

Jaribio la pili linahitaji subira. Kata ukanda wa karatasi, sentimita 20 kwa 5, uulaze juu ya njia, uuache saa nzima hadi wapite juu yake kama kawaida. Kisha, katikati ya msongamano, uzungushe robo duara. Sisimizi walio juu ya karatasi watafuata mchoro uliogeuka hadi ukingoni, na huko watashangaa. Baadaye jaribu kuuzungusha nusu duara, ncha ya mbele iwe ya nyuma. Wengi watapita bila kusita, kwa sababu mstari ulionyooka hauna mshale unaosema nyumbani ni huku.

Basi hujuaje anakoelekea? Kwa chungu wa Firauni kuna jibu zuri. Watafiti wa Uingereza walichapisha mwaka 2004 kwamba njia zao zikitoka kiotani hugawanyika kama panda za mti, na panda hizo hufunguka kwa pembe ya nyuzi kati ya 50 na 60. Aliyepotea akifika kwenye panda hutambua upande mwembamba na upande mpana, naye hujirekebisha. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba chungu hao hupaka pia harufu ya kufukuza penye njia isiyo na chakula, kama jiwe lililowekwa barabarani. Chukua kipimapembe cha mtoto wa shule, piga picha njia inapogawanyika ukutani, upime kwenye picha. Ukuta wenye nyaya na mabomba utakuharibia hesabu, maana huko hufuata waya badala ya kuchagua pembe. Tafuta palipo tambarare.

Kuna jaribio mashuhuri la madaraja mawili, moja fupi na moja refu, lililochapishwa mwaka 1989 na kina Simon Goss na Jean-Louis Deneubourg wa Brussels kwa kutumia chungu wa Argentina. Wengi waliishia kupita daraja fupi, kwa kuwa wanaopita hapo hurudi mapema na kuongeza harufu mapema. Unaweza kulijaribu kwa vipande vya manila juu ya beseni la maji. Usivunjike moyo likikataa. Hata wale watafiti walipoweka daraja refu kwanza na fupi baadaye, sisimizi waling'ang'ania refu. Harufu ya zamani ilikuwa imeshakolea.

Hatua ya 7: Pima mbio

Mtaalamu wa nyota Harlow Shapley, miongoni mwa walioonyesha kwamba Jua letu haliko katikati ya Njia Nyeupe, lile kundi kubwa la nyota tulimo, alikuwa akisubiri usiku uingie atazame nyota kwenye mlima Wilson huko California, na mchana alipima mbio za chungu ukutani. Mwaka 1920 alichapisha matokeo: kadiri joto lilivyopanda ndivyo walivyokimbia, kwa utaratibu uliomwezesha kukadiria joto kwa kutazama mwendo wao, akikosea kwa nyuzi kama moja tu.

Fanya kama yeye. Bandika rula kando ya njia, chagua chungu asiye na mzigo, bonyeza saa ya simu anapoanza na anapofika sentimita 30. Rudia kwa kumi, chukua wastani. Pima alfajiri, saa nane mchana, na usiku. Mombasa joto letu halipandi wala kushuka sana kama la bara, kwa hiyo tofauti itakuwa ndogo. Iongeze kwa kulinganisha ukuta wa jua na ukuta wa kivuli. Usichanganye aina. Yule mweusi mwenye miguu mirefu atakuharibia wastani, tena hatembei kwa kunyooka.

Hatua ya 8: Mende na maiti

Mende aliyekufa asitupwe. Mweke mita moja kutoka kwenye njia ya wale weusi wa miguu mirefu, ukae chini. Kwanza atapita mmoja mbio, atarudi, ataondoka. Kisha watakuja wengi, watamshika pande zote na mende ataanza kuteleza. Tazama anayefika katikati ya kazi akashika. Watafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israeli, mwaka 2015, walionyesha kwamba mgeni huyo, aliyetoka njiani sasa hivi na anajua kiota kilipo, huupa mzigo mwelekeo kwa muda mfupi, halafu naye huwa mbebaji kama wengine. Wanaobeba wanatoa nguvu. Habari huletwa na anayefika. Rekodi video, uitazame polepole, la sivyo utaona fujo tu. Kisha weka jiwe dogo mbele ya mende, uone watafanyaje.

Kwa maiti zao wenyewe, tafuta jaa lao: kirundo cha miguu, vichwa na maganda pembeni mwa ufa. Weka chungu aliyekufa siku mbili zilizopita karibu na mlango, uone anavyobebwa kupelekwa huko. Aliyekufa sasa hivi huenda akapuuzwa. Edward O. Wilson, mtaalamu wa sisimizi, na wenzake walieleza sababu mwaka 1958: maiti ikikaa hutoa asidi ya oleiki, na harufu hiyo ndiyo inayosema huyu ni wa kutupwa. Walipompaka aliye hai, naye alibebwa hadi jaani akiwa anapigapiga miguu, na kila aliporudi alibebwa tena hadi alipojisafisha.

Daftari

Andika tarehe, saa, hali ya hewa, mahali, aina, na ulichoona. Kwa mfano: "Saa 12:40 asubuhi, manyunyu, kona ya karo, tumbo la maziwa. Sukari 31, dagaa 4, maji 0. Mstari umehama juu ya bomba." Usiandike "walikuwa na njaa" wala "walikasirika." Andika walichofanya, na dhana zako uziweke ukurasa wa kulia. Majira yaandike pia. Masika yakianza, wa uani hupanda ndani kwa makundi huku maji yakijaa mashimo yao, na daftari la Aprili halitafanana na la Januari.

Kabla ya kufunga ukuta

Jambo moja la sheria. Kutazama ni bure, kukusanya na kusafirisha si bure. Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwahukumu watu wanne, kila mmoja faini ya shilingi milioni moja au kifungo cha miezi 12, kwa kukutwa na maelfu ya sisimizi, wakiwemo malkia wa chungu mvunaji, Messor cephalotes, waliofungiwa kwenye vichupa vyenye pamba ili wauzwe ng'ambo. Waache ukutani.

Wiki mbili zikiisha na mwenye nyumba akitaka kona yake, usikimbilie dawa ya kupuliza, hasa kwa chungu wa Firauni. Kundi lao lina malkia wengi, na likitishwa hugawanyika, kila kipande na malkia wake. Ukipuliza jikoni utawapata jikoni, chooni na chumbani. Ondoa chakula, futa njia yote kwa maji ya sabuni kuanzia mwisho hadi kwenye ufa ulioutia alama, kisha uzibe ufa. Alama zako za chaki zitakuonyesha pa kuziba.

Mamangu bado huitia miguu ya meza kwenye mikebe. Ila siku hizi, kabla ya kuweka halwa, hulifunga pazia fundo.